Baba Alianguka Vipi

3 Machi

Mama,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na cherehani yako, maana nawajua: akiugua mmoja wenu, na mwenzake haamki. Huku hatujambo. Mkweo anakusalimu sana. Tumbo limeshakuwa kubwa, akipita mlangoni linaingia lenyewe kwanza, yeye anafuata. Kwa kuwa simu uliifungia kabatini tangu masikio yaanze kukusumbua, nakuandikia kwa herufi kubwa kama ulivyoagiza.

Kazi ipo. Wiki iliyopita tuliitwa kwenye jengo la ghorofa tisa, lifti imekwama, na mtambo wenyewe uko juu kabisa, kwenye kijumba cha paa. Fundi lifti akikuta lifti imekufa anapanda ngazi kama watu wengine. Mama, nilipofika ghorofa ya nne nikainama, nikajifanya nafunga kamba za viatu. Ya sita nikazifunga tena. Mwenzangu yule mnene tunayemwita Tangi akanipita huku anacheka: "Kijana, ndoa imekumaliza!" Tangi huyo, Mama, mwenye tumbo la debe, kanipita mimi niliyekuwa nacheza winga!

Nadhani ni yale mafua ya mwezi wa kwanza, hayakwisha vizuri. Na uchovu. Kazini tumepunguzwa, wanne tunafanya kazi ya watu saba. Nakunywa vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu, viwili vitatu kwa siku. Nguvu zinakuja kidogo, halafu moyo unadunda kama unataka kutoka kifuani. Usiwe na wasiwasi, nina miaka thelathini na miwili tu.

Msalimie mdogo wangu. Mwambie nimesikia timu yake ya netiboli imewatia adabu walimu wa shule jirani.

Mwanao,
Kifungo

11 Machi

Mwanangu Kifungo,

Marahaba. Mimi sijambo, cherehani naye hajambo. Nina sare za watoto sitini za kumaliza kabla shule hazijafunguliwa. Mdogo wako ameshinda, ndiyo, na tangu siku hiyo hapa ndani hatupumui kwa majigambo.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Hayo makopo achana nayo leo, si kesho.

Sasa nijibu haya, na usinijibu mengine. Jioni ukivua soksi, zinaacha alama mguuni? Viatu vinakubana kuliko zamani? Unalala na mito mingapi? Ukilala chali, pumzi inatosha?

Usimsomee mkeo maswali haya. Mjamzito hapewi wasiwasi. Na ukinijibu, mdogo wako asijue nilichokuuliza.

Mama yako

20 Machi

Mama,

Shikamoo. Habari za hapo nyumbani? Sisi tunaendelea.

Umenishtua. Nilidhani mkweo amekuandikia kwa siri, lakini anaapa hajakuandikia. Soksi zinaacha alama. Nikibonyeza mguu kwa kidole pananywea, panabaki shimo kama kwenye unga uliokandwa. Viatu vya kazini nimevilegeza kamba mpaka mwisho. Mito ni mitatu, na juzi hata hiyo mitatu haikutosha, nikahamia kwenye kiti. Nikilala chali naona kama mtu amenikalia kifuani.

Nimekwenda zahanati ya karibu na kazini. Mganga akanisikiliza kifua, akasema ni kifua tu kimeingia baridi, akanipa vidonge vya siku saba. Nikamwuliza kuhusu moyo kudunda. Akacheka, si kwa ubaya: "Kijana kama wewe? Moyo ni maradhi ya mjomba wako." Vidonge vimekwisha. Sioni tofauti.

Umejuaje kuhusu mito, Mama?

Mwanao,
Kifungo

26 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Salamu leo ni hiyo tu.

Nenda hospitali kubwa. Ukifika usiseme kifua, sema moyo. Waambie wakupime moyo kwa mashine, na wakikataa kaa pale pale mpaka wakubali. Usisubiri mwisho wa mwezi, wala usiombe ruhusa kwa maneno mengi. Usipande ngazi yoyote. Usibebe chochote.

Usiniulize nimejuaje. Nenda.

Mama yako

14 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa kitandani hospitalini. Usiogope kabla hujamaliza kusoma. Niko hai.

Barua yako ilifika Jumatatu. Nikaitia mfukoni, nikasema nitakwenda Jumamosi. Jumatano tukaitwa kwenye jengo la ofisi, ghorofa ya tano. Nilifika ya pili. Nakumbuka nimeegemea ukuta, rangi ya kijani imebanduka, na ninasikia kitu kinakoroma. Nikajiuliza, nani huyu anakoroma? Kumbe ni mimi. Tangi alinibeba mgongoni mpaka chini. Wanasema alikuwa analia, jitu zima lile.

Mapafu yalikuwa yamejaa maji. Nilitundikiwa dawa ya kukojoa, na kwa siku tatu nimepungua kilo nane, zote maji. Fikiria, Mama, nilikuwa natembea na ndoo ndani ya mwili.

Daktari wa moyo ni mama mmoja mfupi, mkono mmoja wa miwani yake umefungwa kwa uzi. Alinipaka mafuta kifuani, akapitisha kifaa kama wanavyowapima wajawazito, akanigeuzia kioo. Nilitegemea kuona kitu kinajikunja kama ngumi. Huu wangu unatetemeka tu, kama mfuko wa plastiki uliotiwa maji. "Umetanuka na umelegea," akasema. "Moyo mzima, kila pigo unasukuma zaidi ya nusu ya damu iliyomo. Wako haufikishi robo."

Nikamwambia, daktari, haya si maradhi ya wazee? Akavuta kiti, akakaa. Akasema angetamani iwe hivyo, lakini kila wiki anapokea watu ambao hawajafika arobaini. Wapo ambao presha iliwapanda miaka mingi na hawakuwahi kupimwa hata mara moja. Wapo waliougua koo utotoni, halikutibiwa, likaja kuharibu milango ya moyo. Wapo wa pombe. Wapo mabinti ambao moyo ulilegea wiki chache baada ya kujifungua, na kila mtu akawaambia ni uchovu wa mtoto. Wapo waliopata mafua ya kawaida tu, yakashuka mpaka kwenye moyo.

"Na mimi?" nikamwuliza.

"Makopo yako yameutwisha mzigo, na mafua huenda nayo yamechangia. Lakini naona kitu cha zamani zaidi. Kwenu nani alikufa kabla ya miaka hamsini?"

Nikamjibu kwamba ni baba, lakini baba hakuumwa, alikuwa anaezeka nyumba akaanguka kutoka juu ya paa. 

"Alianguka akafa," akauliza, "au alikufa akaanguka?"

 Jibu unalo wewe, Mama. Naogopa sana. Nikifumba macho nahisi nikisahau kidogo tu kuusikiliza moyo, utasimama. Niandikie.

Mwanao,
Kifungo

23 Aprili

Mwanangu, Kifungo changu,

Marahaba, mara elfu. Namshukuru Mungu kwa mgongo wa Tangi. Mwambie nitamshonea suruali, aniletee vipimo vyake, kitambaa kitapatikana hata kama itabidi niunge.

Nimekaa na karatasi hii siku mbili. Mkono unaandika salamu, halafu unagoma.

Baba yako alikufa, kisha akaanguka.

Alikuwa na miaka thelathini na minne. Wewe ulikuwa na sita, mdogo wako alikuwa tumboni, miezi minne. Aliumwa muda wa miezi saba. Alianza kwa kuchoka. Alikuwa anapanda ngazi na mabati mawili kichwani, ikafika siku akashindwa na moja. Miguu ikajaa. Mito ikawa miwili, mitatu, mwisho akawa analala amekaa, ameegemea ukuta, na mimi nimekaa naye nikihesabu pumzi zake. Wewe ulikuwa unaamka asubuhi unamkuta kwenye kiti, unadhani amewahi kuamka.

Kaka yake mkubwa alikuwa ametangulia hivyo hivyo, na miaka arobaini na moja. Kwenye ukoo wao walisema ni mkosi, na mkosi hautajwi, ukitajwa unaita wengine. Mama yao alikataza hospitali. Mimi nilikuwa mke mdogo wa miaka, sina sauti. Tulikwenda mara moja tu kwa kujificha, daktari akaandika barua ya kwenda hospitali kubwa, nikaificha chini ya meza ya cherehani nikisubiri siku nzuri ya kuitoa. Siku hiyo haikufika. Watu walishaanza kumwita mvivu, naye akaona afadhali apande paa siku moja awanyamazishe. Wenzake waliniambia alikaa juu ya kenchi, zile mbao za paa, akashika kifua, akainamisha kichwa kama mtu anayetafuta msumari. Halafu ndiyo akaanguka.

Kwa hiyo sikukudanganya, nilikata kipande. Mimi kukata nimezoea. Nilikata mwanzo wote nikakuachia mwisho, nikaupinda vizuri mkato usionekane. Nilisema wanangu hawa wawili hawatakua wakihesabu miaka. Wataishi kama watu ambao baba yao aliteleza.

Ulipofika thelathini nilianza kukuchungulia kwenye barua. Kila ulipoandika neno "uchovu", usiku huo sikulala. Niliogopa kukuuliza, na nikaogopa kutokuuliza. Sasa nimekuuliza nikiwa nimechelewa.

Nisamehe, au usinisamehe, lakini meza dawa.

Mama yako

2 Mei

Mama,

Shikamoo.

Nimeruhusiwa, niko nyumbani. Dawa ni za aina tano. Chumvi marufuku. Kila asubuhi napanda mzani.

Daktari amesoma barua yako, nilimpa mwenyewe. Amesema ugonjwa huu unaweza kupita kwenye damu, na kila mtoto wa mgonjwa ana nafasi ya kuupata kama ya kurusha sarafu. Amesema mdogo wangu apimwe mara moja, hata kama anaruka kama swala. Nimemwuliza, kama ningejua tangu nikiwa kijana wa miaka ishirini ingekuwaje? Akasema ningekuwa napimwa kila baada ya muda, wangeuona ukianza, ningeanza dawa mapema, na huenda nisingelala sakafuni kwenye ngazi za watu nikikoroma.

Miaka ishirini na sita, Mama. Ulikuwa unajua maswali yote.

Mwambie mdogo wangu. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi.

Kifungo

15 Mei

Mwanangu,

Habari za hapo? Mkeo hajambo? Wewe pumzi inaendaje? Salamu zako za mwisho hazikuwa na neno "mwanao". Nimeliona. Sikulaumu.

Nimemwambia. Nilimwambia akiwa amekaa kula, nikamweleza kuanzia mwanzo bila kukata. Alisikiliza mpaka mwisho, akaosha sahani yake, akaenda shuleni kufundisha. Aliporudi jioni akaniambia maneno matatu tu: "Twende kesho, Mama."

Tumekwenda. Mimi nilibaki nje ya chumba cha vipimo nikisoma bango moja la kunawa mikono, mistari minne, nadhani nilisoma mara mia. Alitoka amebeba viatu mkononi, amesahau kuvivaa.

Umeanza, Kifungo. Moyo wake umeanza kutanuka kidogo. Yeye hasikii chochote, anapanda kilima cha shuleni huku anaimba. Daktari wa huku anasema tumewahi, kapewa vidonge viwili, na atapimwa tena baada ya miezi sita. Netiboli ya mashindano basi, angalau kwa sasa. Hakulia alipotajiwa moyo. Alilia alipotajiwa mpira.

Tangu hapo namwangalia akilala. Nasimama mlangoni mpaka nione shuka inapanda na kushuka. Mtoto wa miaka ishirini na mitano, namlinda kama mchanga.

Niandikie hata mstari mmoja.

Mama yako

9 Juni

Mwanangu,

Hujajibu. Nimetuma mbili, hii ni ya tatu, ile ya katikati sijui kama ilifika.

Mdogo wako amepiga simu kwenu mara nne. Mara moja mkeo amepokea, akasema "amelala", na ilikuwa saa nane mchana. Sauti yake haikuwa nzuri. Mara tatu simu inaita mpaka inakatika. Mdogo wako ananiambia maneno yale kwa kuniandikia kwenye karatasi.

Kama umenikasirikia, kasirika na uniandikie matusi, nitayaweka kifuani. Kama ni jambo lingine, mtu yeyote anayesoma barua hii aniambie.

Sare zote nimezirudisha bila kushona. Siwezi kutunga uzi.

Mama yako

28 Juni

Mama yangu,

Shikamoo. Nimezipata zote tatu kwa mkupuo, mkweo alikuwa amezificha. Ukoo wetu na kuficha!

Niko hai, ila nilikaribia kutokuwa hai, na safari hii kwa ujinga wangu mwenyewe. Mwezi wa tano nilijisikia vizuri. Miguu ilirudi kama zamani, mto ukawa mmoja, nikarudi kazini. Nikaona dawa ya nini? Ile ya kukojoa inanidhalilisha kazini, kila nusu saa naomba choo kwenye ofisi za watu. Na nilikuwa na hasira, Mama. Kila nilipoziona zile chupa tano nilikuona wewe. Nikaziacha zote, kidogo kidogo, na mkweo namwambia nimeshameza. Baada ya wiki mbili na nusu nikawa siwezi kumaliza sentensi. Nilirudi wodi ile ile. Siku mbili za kwanza hawakujua niko upande gani. Hizo ndizo siku simu ilikuwa inaita.

Sasa sikia lingine. Wakati mimi nimewekewa hewa puani, mkweo akashikwa na uchungu kule nyumbani. Tangi ndiye aliyempeleka. Una mjukuu wa kike, Mama, kilo tatu na nusu, sauti yake wewe mwenyewe utaisikia. Mara ya kwanza kumshika nilikuwa kwenye kiti cha magurudumu, kwenye korido kati ya wodi yao na yangu.

Daktari wa miwani ya uzi alikuja kutupongeza. Alimpima na mkweo presha, akamwambia asidharau uvimbe wala pumzi kwa miezi hii ya mwanzo. Halafu akasema mtoto naye tutakuwa tunampima, si kwa sababu anaumwa, ila tujue mapema. Alipoondoka tu, nikamshika mkweo mkono, na unajua neno la kwanza lililonitoka? "Tusimwambie mtu. Na yeye tusimwambie mpaka awe mkubwa sana." Lilitoka lenyewe. Nikajisikia nikilisema. 

Basi, hasira ikaniisha pale pale. Sikuiondoa mimi, nilitafuta nikaikosa.

Nameza dawa. Mkweo ananikagua chini ya ulimi kama askari jela. Kipimo cha juzi moyo unasukuma robo na kitu kidogo. Daktari anasema kwa vijana wengine hupanda vizuri baada ya miezi, kwa wengine hapana, na hajui mimi ni wa kundi gani. Alisema hivyo bila kupaka sukari. Kazini wamenitoa kwenye ngazi, nimekaa ofisini napokea simu. Bado naogopa, sikufichi. Nikikohoa tu, mkweo anaacha anachofanya.

Nina ombi. Baba mdogo ana watoto wa kiume watatu, na wa kwanza amefika thelathini. Marehemu baba mkubwa naye aliacha mabinti. Mimi siwezi kusafiri. Barua wataitupa. Nenda wewe.

Na mdogo wangu mwambie namlilia ule mpira pamoja naye.

Mwanao, mwanao kabisa,
Kifungo

16 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Ya mjukuu nimeyapokea kwa kelele, majirani walidhani nimefiwa. Mdogo wako ananunua vitu vidogo vidogo kila siku mpaka nimemzuia. Dawa anameza, hajambo.

Nimekwenda ulikonituma. Mabinti wa baba mkubwa wako nimewakuta wote wawili. Mmoja aliniita mchawi, baadaye akanisindikiza mpaka barabarani akiuliza hospitali inafungua saa ngapi. Mwingine amekwenda kupimwa, na ni mzima, walau kwa sasa. Niliposikia nilikaa chini.

Leo niko kwa baba mdogo wako. Nakuandikia nikiwa kwenye kizingiti cha mlango wake, nimeweka karatasi juu ya mkoba, ndiyo maana mwandiko unacheza. Nimefika saa tatu asubuhi. Alinikaribisha vizuri, mpaka nilipolitaja jina la marehemu na neno moyo katika sentensi moja. Akasimama. Akasema nimeubeba mkosi kutoka kwa wafu nauleta mlangoni kwa watoto wake. Nikamwambia, shemeji, na wewe ulimwona akilala amekaa. Akasema hakuona kitu. Akanitoa nje, si kwa nguvu, kwa kunishika kiwiko tu, na akafunga mlango. Nilisikia komeo hata mimi nisiyesikia.

Nimekaa. Zamani ningekwenda zangu. Jua limehama kutoka kwenye miguu yangu limefika kifuani, na mkewe amechungulia dirishani mara tatu. Naogopa, Kifungo. Naogopa atakuja kunifukuza mbele za watu, na naogopa zaidi kwamba nitaondoka.

Nilikuwa nataka kufunga barua hapa. Lakini kijana wake wa pili amezunguka nyumba kupitia uani, amekuja kukaa karibu yangu. Yule fundi baiskeli, mikono ina grisi mpaka kwenye viwiko. Hajanisalimu. Anahema kama aliyetoka mbali, na kutoka uani mpaka hapa ni hatua ishirini. Anainama sikioni kwangu ili nisikie. Anasema baba asijue. Anasema, "Mama mkubwa, nina jambo la kukuuliza."

Naweka kalamu chini nimsikilize.

Mama yako